Jinsi ya kuita nondo usiku kwa shuka na taa (nondo mdudu, sio za zege)

Kwanza chagua usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka unajichosha tu. Joto, mawingu, upepo hakuna, hapo ndo penyewe. Ila usiku ule baada ya mvua ya kwanza achana nao maana kumbikumbi watajaa mpaka shuka lisionekane na watakaofaidi ni kuku asubuhi.

Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia, livute lisijikunje, mbele yake weka taa. Tochi ya simu haifui dafu, bora ile taa ya zambarau wanayokagulia noti feki madukani, ila usiikodolee macho. Zima taa ya barazani, halafu vuta kiti usubiri, mi wakubwa huwa nawaona kuanzia saa nne. Na mwangalie sana mjusi kafiri! Juzi juzi nilipata nondo mmoja wa kijani mzuri kweli, nageuka kuwasha flashi narudi nakuta kashamezwa, kipande cha bawa ndo kinaning'inia mdomoni.

Usimshike nondo. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba ya bawa na rangi yote iko humo, ukiupangusa umemfutia kitambulisho. Piga picha kwa juu na ubavuni, weka sarafu pembeni ukubwa uonekane, andika tarehe na mahali.

Vile vidogo kama punje ya mchele usividharau. Kuna kimoja cha California na Baja California huko Mexico, kichwani kina magamba meupe ya kimanjano utadhani nywele zimechanwa, mtafiti wa nondo Vazrick Nazari akakipa jina Neopalpa donaldtrumpi Januari 2017, siku chache kabla Trump hajaapishwa. Na hakukikuta porini, kilikuwa kwenye nondo wakavu wa makumbusho ya wadudu ya Bohart, chuo kikuu cha Davis hukohuko California, kimekaa bila jina. Tena hakuishia kwenye nywele, alipima DNA na kuchungulia viungo vya uzazi kwa hadubini ndo akakitenga na nduguye Neopalpa neonata. Kwa hiyo usiyemjua mpakie tu iNaturalist (mtandao wa kuweka picha za viumbe, wenzako wakusaidie kuvitambua) bila jina, habari za "nimegundua spishi mpya" kwa picha ya simu acha kabisa.

Ukimaliza zima taa, kung'uta shuka taratibu majanini kabla hakujapambazuka, kuku wakiamka wakikuta bado wamejishikilia pale hatabaki hata mmoja.