Ukikamatwa Kentucky: linda mdomo wako, linda sahihi yako

Mimi ni mkalimani wa mahakama hapa Lexington, na wengi ninaowatafsiria ni Wakongomani wenzangu waliopitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi. Tukiwa ndani ya mahakama siruhusiwi kumshauri mtu. Kwa hiyo nayasema hapa, mapema, yale ambayo kila mzazi na kila kijana wetu anapaswa kuyajua.

Kesi nyingi za jinai Marekani hazifiki mbele ya juri, yaani wale raia wanaosikiliza kesi na kuamua kama mtu ana hatia, kama mnavyoona kwenye filamu. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi wanaotiwa hatiani wamekiri wenyewe, baada ya mapatano kati ya wakili wao na mwendesha mashtaka. Basi vinavyoamua maisha yako ni viwili: maneno uliyowaambia polisi, na karatasi utakayotia sahihi baadaye.

Tangu hukumu ya Miranda ya mwaka 1966, polisi akikukamata na kutaka kukuhoji, lazima akueleze kwamba unaweza kunyamaza na kwamba una haki ya wakili. Watu wazima wetu wana heshima. Afisa akiuliza kama wameelewa, wanaitikia kwa kichwa, kisha wanaanza kueleza. Usieleze. Taja jina lako, halafu sema kwa sauti: "I want a lawyer," yaani nataka wakili. Omba na mkalimani wa Kiswahili, usikubali mwanao ageuzwe mkalimani wako. Na usizungukezunguke. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimsikiliza mtu aliyesema labda aongee na wakili, ikaamua kwamba hiyo "labda" haikuwazuia polisi kuendelea kumhoji.

Kama kesi inaweza kukupeleka jela na huna pesa, wakili utapewa na serikali. Dhamana hapa hailipwi kwa dalali, yaani mfanyabiashara anayewawekea watu dhamana kwa malipo, maana Kentucky iliwapiga marufuku madalali wa dhamana mwaka 1976. Kwa ajili ya dhamana hiyo, afisa wa mahakama atakuuliza unakaa wapi, unafanya kazi wapi, una familia gani. Hayo mjibu. Habari za tukio lenyewe mwachie wakili.

Sasa la nyumbani, ambalo linaniumiza kuliko yote. Mume na mke wamegombana, jirani kapiga 911, baba kalala jela. Kesho yake wazee wa kanisa wanakaa, wanapatanisha, mama anakuja mahakamani: "Nimemsamehe, naifuta kesi." Hawezi kuifuta. Kesi si yake, ni ya jimbo, na mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kama itaendelea. Tena mara nyingi jaji ameshatoa amri ya kutowasiliana. Baba akimpigia mama kutoka jela, hata kama ni kuomba msamaha, au akimtuma shemeji apeleke salamu, ameivunja amri, na simu za jela hurekodiwa. Wazee wangu, msibebe salamu hizo. Mama akitaka amri ilegezwe, aiombe mahakama yenyewe.

Halafu inakuja siku ya kutia sahihi karatasi ya kukiri kosa. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa mkaazi halali wa Marekani kwa zaidi ya miaka 40 na alilitumikia jeshi la nchi hii Vietnam. Alikamatwa hapa Kentucky na lori lenye bangi. Wakili wake akamwambia asihofu kufukuzwa nchini, kwa kuwa ameishi huku muda mrefu. Akakiri, na kufukuzwa kukawa karibu hakuepukiki. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari hiyo.

Kwa hiyo muulize wakili wako: "Nikikiri hili, uhamiaji watanifanya nini?" Uliza hata kama umeahidiwa kwenda nyumbani leo. Kifungo kilichoahirishwa, ambacho hutalala jela hata usiku mmoja, kwa uhamiaji bado ni kifungo. Kwa makosa kama ya kupiga mtu au wizi, tofauti ya kifungo cha miezi 12 na cha siku 364 inaweza kuwa tofauti ya kufukuzwa na kubaki na watoto wako.

Jaji naye atakuuliza kama umeelewa. Kama hujaelewa, sema hujaelewa.

Wakili hawezi kukujibu vizuri bila kujua uliingiaje nchini. Mpelekee mapema nakala za hati zako zote za uhamiaji, na za mkeo na watoto pia.