Punda ameumia mguu: jinsi ya kumtunza mpaka arudi kazini

Punda akiacha tu kuchechemea, wengi wanamrudisha kazini siku hiyo hiyo, na hapo ndo mguu unaharibika moja kwa moja. Naanza na hili kwa sababu ndio linaloniuma zaidi. Punda sio kama farasi, farasi akiumwa utamwona anahangaika, anapiga chini, anatokwa jasho, lakini punda anasimama kimya masikio yameshuka kidogo na wewe unadhani yuko poa kumbe ana maumivu makali, kwa hiyo jicho litakudanganya, tumia mkono.

Mkono unatumika hivi. Asubuhi mapema kabla ya jua kali, shika kwanza ule mguu mzima, pitisha kiganja kutoka goti taratibu mpaka kwenye ukwato, halafu fanya hivyo hivyo kwenye mguu ulioumia. Sikiliza joto, uvimbe, na pale unapobonyeza akavuta mguu. Ukifanya kila siku saa ile ile utajua kama anapona au anarudi nyuma hata kabla hajaanza kuchechea.

Sasa siku ya ajali yenyewe. Mvue shogi, yaani ile mifuko ya mzigo ya mgongoni, au mfungue mkokoteni hapo hapo alipo, usiseme "acha tufike tu nyumbani". Kama hakanyagi kabisa au mguu unaning'inia, msimtembeze, mwiteni daktari wa mifugo aje. Kama anakanyaga kidogo, inua mguu uangalie chini ya ukwato kwanza kabla hujaanza kutafuta ugonjwa juu, maana mara nyingi shida iko huko chini, jiwe limekwama, msumari, kipande cha chupa, au usaha umejikusanya ndani. Ukikuta msumari na daktari yuko karibu, bora auone ukiwa bado umo, mzuie tu punda asiukanyagie, ila kama lazima uutoe basi weka alama pale ulipoingia na kumbuka umeingia kina gani na umeelekea wapi. Halafu hakikisha anachomwa sindano ya pepopunda, wanyama wa jamii hii ni wepesi sana kuipata na kidonda kidogo tu kinatosha.

Uvimbe usio na kidonda, maji baridi ndio dawa ya mwanzo, dakika 15 hadi 20 mara tatu kwa siku kwa siku mbili za kwanza. Walioko pwani mkimsimamisha baharini maji yakafika juu ya uvimbe pia ni sawa kabisa. Kidonda kilicho wazi hapana, usimpeleke pale gatini ambapo taka zote zinaishia, chemsha maji lita moja, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, acha yapoe, osha nayo mengi mengi mpaka mchanga wote utoke. Kidonda kirefu kinachohitaji kushonwa, daktari akikipata ndani ya saa 6 hadi 8 anaweza kufanya kitu, ukichelewa mpaka kesho kazi inakuwa ngumu. Na kama kidonda kiko karibu na kiungo na unaona maji ya njano yanayovutika kama ute wa yai, hiyo ni dharura, usisubiri hata usiku upite.

Vitu vya kuacha, na hapa naomba tusikilizane jamani. Oili chafu, majivu, unga wa betri, mrututu, vyote hivyo vinaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Kumchoma na chuma cha moto juu ya uvimbe ni jambo limerithiwa na wazee wetu walilifanya kwa nia njema, lakini linaongeza kidonda juu ya maumivu na kano ya ndani haiponi kwa moto. Dawa za maumivu za binadamu usimpe, na dozi ya farasi usiikadirie tu ukampa punda, kwa sababu mwili wa punda unazimaliza dawa nyingine haraka kuliko farasi, mwache daktari apange. Akiandika sindano za siku tano basi ni tano, hata kama siku ya tatu anaonekana mchangamfu.

Bandeji: ndani kitambaa safi cha hospitali kinachogusa kidonda, juu yake pamba nene ya kutosha kuzunguka mguu wote, ndo sasa ufunge bandeji kwa mkazo ulio sawa toka chini hadi juu. Kanga kuukuu iliyofuliwa na kuanikwa juani inafaa kwa nje, ndani hapana. Bandeji bila pamba inakata damu, nimeona mguu umeharibika kwa bandeji kuliko ajali yenyewe. Badilisha kila baada ya siku moja au mbili, na kila ikilowa. Akianza kuitafuna au mguu ukivimba juu yake, fungua. Nyama nyekundu ikianza kupanda juu kupita ngozi usiikate mwenyewe, inatoka damu nyingi sana, mwonyeshe daktari.

Kuna mguu ambao watu wanausahau, ule mzima. Uzito wote umehamia kwake, na ukibeba wiki nzima peke yake ukwato wake unaweza kuvimba kwa ndani, shida ambayo ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo mtandikie mchanga mwingi au majani makavu ili alale apumzike, na kila siku gusa ukwato huo, ukiwa wa moto au anaegemea nyuma kukwepa kukanyaga, ita daktari siku hiyo.

Kula ndio kipimo kikubwa kuliko vyote. Punda akiacha kula siku moja mbili, mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu na anaweza kufa kwa hilo wakati mguu wenyewe unapona. Mpe majani makavu, mabua, maji safi muda wote, mahindi na pumba punguza kabisa maana hafanyi kazi. Na tafadhali usimtenge na mwenzake. Punda wana marafiki, ukimfungia peke yake nyuma ya nyumba anaweza kugoma kula kwa huzuni tu. Walete wote wawili zizini, hata kama mwenzake anaenda kazini mchana na kurudi jioni. Joto la mwili la punda mkubwa ni kama nyuzi 36.5 hadi 37.8, likipita hapo akiwa amepumzika huenda kuna maambukizi.

Kupumzika maana yake zizi dogo, sio kumfunga kamba ya mguu uwanjani. Mkwaruzo mdogo wiki mbili, kiungo kilichoteguka kidogo wiki nne hadi sita, kano iliyochanika ni miezi, mara nyingi inapita sita. Najua hiyo miezi ni hela ya chakula na ada, na najua wanunuzi wa ngozi wanatokea haraka wakisikia punda wa fulani anachechea, hata baada ya Umoja wa Afrika kupitisha Februari 2024 kusimamisha kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ongea na jirani mwenye punda mgawane safari na mapato kwa muda, wengi wanakubali wakijua na wao siku yao itafika. Walioko Lamu wana hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary pale mjini tangu 1987, matibabu hayalipiwi, hakuna sababu ya kumuuza kwa kukosa daktari.

Daktari akiruhusu, anza kumtembeza kwa mkono kwenye ardhi laini iliyo sawa, dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni, kila wiki ongeza dakika 5, bila mzigo wowote. Mguu ukipata joto asubuhi inayofuata rudi hatua moja nyuma. Baadaye shogi tupu, kisha robo ya mzigo, kisha nusu, na kila hatua aikae wiki mbili. Punda wa kilo 150 hata akiwa mzima kabisa asibebe zaidi ya kilo 50 hivi, na mchanga uliolowa ni mzito kuliko unavyofikiria, kwa hiyo kabla ya kupakia upime gunia moja kwenye mizani ya duka.