Kufunga swichi ya kuchagua chanzo cha sauti bila amplifaya kunguruma

Amplifaya nyingi za kujitengenezea zina tundu moja tu la kuingizia sauti. Mwenye nyumba ana deki, king'amuzi na simu, basi kila jioni ni kuchomoa na kuchomeka mpaka soketi inalegea. Dawa ni swichi ya kuzungusha. Kuifunga ni rahisi; mtihani ni graundi, yaani njia ya kurudia ya umeme wa sauti.

Kwanza chomoa waya wa umeme ukutani. Kapasita kubwa hubaki na chaji hata taa ikishazimika, kwa hiyo zipime kwa mita kabla hujaingiza mkono.

1. Tafuta swichi ya njia mbili, yaani kushoto na kulia, inayoachia nafasi ya kwanza kabla haijashika ya pili. Ile inayoshika kabla ya kuachia huunganisha deki na simu kila unapozungusha. Ukipata ya nafasi sita, usiitupe: fungua nati, chini yake mara nyingi kuna washa yenye jino. Hamisha jino, nawe umebakiwa na nafasi tatu.

2. Weka mita kwenye mlio, gusa pini ya katikati, zungusha, na kila pini inayolia itie alama ya kalamu. Mimi mchoro wa dukani siuamini.

3. Funga soketi za RCA, zile za duara za kuchomekea waya wa sauti, kwa washa zake za plastiki. Kwa sasa, kati ya pete ya chuma ya nje ya soketi na boksi la bati mita isilie kabisa. Ikilia, kaza upya.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Swichi ibadilishe waya wa sauti peke yake. Pete za soketi zote ziunganishe kwa waya mmoja mnene wa shaba, kisha toa njia moja tu kwenda graundi ya kuingizia sauti kwenye bodi. Tumia waya wenye wavu, yaani nyuzi zilizosukwa kuuzunguka waya wa sauti. Kutoka soketi hadi swichi, lehemu wavu upande wa soketi tu. Upande wa swichi ukate na uvishe tepu. Kutoka swichi hadi bodi, wavu wa kushoto ndio ile njia moja: ulehemu ncha zote mbili, upande wa swichi kwenye waya wa pete, upande wa pili kwenye graundi ya bodi. Wa kulia ulehemu upande wa bodi tu. Ukiunganisha kila wavu kila mahali umetengeneza mzunguko, na mzunguko hunasa mngurumo wa umeme.

Graundi ya sauti na boksi vikutane sehemu moja. Waya wa ethi wa njano na kijani ubaki umefungwa kwenye boksi. Nimeona watu wakiukata ili mngurumo uishe. Wameua mngurumo na kumwachia mtu boksi linaloweza kumrusha.

5. Kila pini ya kuingizia itie rezista ya megaohm 1 kwenda graundi. Hiyo hupunguza ule mlio wa "tap!" unapobadilisha chanzo.

6. Jaribu. Mngurumo mzito wa hertz 50 mara nyingi ni graundi au wavu. Ukiwa mkali zaidi, wa hertz 100, kagua kapasita za pawa saplai.

Mngurumo ukiwa kwenye chanzo kimoja tu, usifungue swichi. Amplifaya moja ilinipotezea mchana mzima: nafasi ya king'amuzi inanguruma, nyingine kimya. Nikalehemu upya mara mbili. Mwishowe nikachomoa kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, kukawa kimya. Dishi lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyozama ardhini, hivyo graundi ilikuwa na njia ya pili na mzunguko ukawa umekamilika. Transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kwenye waya wa sauti wa king'amuzi, moja kushoto na moja kulia, ikamaliza kazi.