"Advice" haina wingi

Ukiandika barua ya kazi kwa Kiingereza, usiandike "advices" wala "an advice". Nomino hii haihesabiki. Ushauri mmoja ni "a piece of advice". Ukiwa mwingi, "some advice" au "a lot of advice". Kitenzi nacho hubaki cha umoja: "Her advice was useful", kamwe si "were".

Tahajia ndiyo inayowaponza wengi. "Advice" yenye c ni nomino, na mwishoni husikika s. "Advise" yenye s ni kitenzi, na mwishoni husikika z. Kwa hiyo andika "Please advise". Ile "Please advice" iliyozagaa kwenye baruapepe za ofisini ni kosa, hata kama bosi ndiye aliyeiandika.

Kama unahitaji wingi, badilisha neno. "Tip" ni dokezo fupi la vitendo, "suggestion" ni pendekezo la upole, na "recommendation" lina uzito zaidi, kama la daktari au mkaguzi. Yote matatu yanahesabika. "Guidance", yaani mwongozo, haihesabiki. "Counsel" ni rasmi sana, na mahakamani humaanisha wakili; usimwombe nayo rafiki maoni.

Ushauri huombwa kwa "ask for", hutolewa kwa "give", hufuatwa kwa "take" au "follow". Jambo lenyewe hutanguliwa na "on" au "about": "advice on loans", si "advice of loans".