SOMO: Kufunga waya wa ethi kwenye mabomba ya chuma nyumbani

Wakuu, hii kazi watu wanaichukulia poa sana, unakuta nyumba ina breka za maana lakini bomba la chuma linaingia ndani halina hata waya. Kabla hujashika spana elewa kwanza waya huu unafanya nini. Ethi ya jiko au friji ipo ili umeme ukigusa bodi, mkondo mkubwa upite na breka ikate. Huu wa kwenye bomba kazi yake ni nyingine, unafanya bomba, sinki, bodi ya jiko na chuma chochote unachoweza kukishika kwa pamoja viwe na volti zinazokaribiana. Kinachompiga mtu ni tofauti ya volti kati ya vitu viwili, yaani jiko likipanda volti 80 na bomba nalo likapanda hivyo hivyo mpaka breka ikate unabaki salama, ila bomba likibaki 0 na mkono mwingine uko kwenye jiko, mwili wako ndio unakuwa waya.

Hatua ya 1. Hakikisha nyumba ina ethi ya kweli, na fundi mwenye mita ya ethi ndio aipime, sio kuangalia tu kwamba kuna waya wa kijani unatoka ukutani. Hii usiiruke kabisa. Ethi ikiwa imekatika alafu wewe ukaunganisha mabomba, hita ikivujisha umeme unausambaza kwenye kila koki ya nyumba.

Hatua ya 2. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa.

Hatua ya 3. Tafuta bomba linapoingilia nyumbani. Klampu (kibano cha kushikiza waya kwenye bomba) inakaa upande wa ndani, baada ya mita ya maji na kabla bomba halijagawanyika, karibu na linapoingia kadiri inavyowezekana. Ukifunga kabla ya mita, siku mita inatolewa muunganiko unakatika na hakuna atakayejua. Gesi ya bomba fanya hivyo hivyo.

Hatua ya 4. Waya. Shaba, kijani na njano, kutoka baa kuu ya ethi (kipande cha chuma ambapo nyaya za ethi zinakutana) kwenye bodi ya breka. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa majengo, IEC 60364, kinasema isipungue 6 mm², mafundi wengi wanaweka 10 na mimi nipo upande wao, waya wa soketi wa 2.5 hapa hapana. Ukitoka bomba la maji kwenda la gesi kwa waya huo huo usiukate kwenye klampu ya kwanza, menya tu ganda upite mzima, ili mtu akifungua klampu moja nyingine isipoteze ethi.

Hatua ya 5. Hapa ndio wengi wanaharibu. Bomba lina rangi, kutu, na mafuta ya fundi bomba, we unafunga klampu juu yake inakaza vizuri kabisa lakini chuma hakijagusa chuma. Piga msasa mpaka ling'ae, alafu kaza. Tumia klampu iliyotengenezwa kwa ajili ya ethi, sio ile ya kubana mpira wa maji, na kama sehemu ina unyevu chukua ya kustahimili unyevu maana shaba na bomba la mabati vikikutana na maji kutu inakula haraka. Weka kibao cha kumwambia mtu asiifungue.

Hatua ya 6. Pima kutoka baa ya ethi mpaka kwenye bomba lenyewe, sio kwenye klampu. Waya wa 10 mm² una kama ohm 0.018 kwa mita 10, kwa hiyo jibu linatakiwa liwe dogo sana. Multimeta ya bei rahisi haioni namba ndogo hivyo, itakwambia tu kama waya umekatika.

MASWALI

Swali: Mkuu bomba langu la nje ni plastiki, ndani ndio chuma. Nifunge?
Jibu: Plastiki haileti volti ya ardhini ndani, kwa hiyo mara nyingi hapana. Ila kama hicho chuma cha ndani kinapita kwenye zege au kinagusa ardhi sehemu nyingine, fundi akipime kwanza.

Swali: Kaka kwa nini nisitumie bomba la maji lenyewe kama ethi, si limezikwa chini?
Jibu: Leo limezikwa, kesho wanabadilisha kipande kwa plastiki na ethi yako imeisha bila taarifa. La gesi ndio usiguse kabisa kwa kazi hiyo.

Swali: Fundi bomba anataka kukata kipande cha bomba, kuna shida?
Jibu: Ipo. Kwenye bomba mkondo unaweza kuwa unapita hata meni ikiwa imezimwa. Afunge kwanza waya mnene wenye klampu pande zote mbili za anapokata, ndio akate.

Swali: Nimefunga kila kitu lakini nikioga bado maji yananichoma choma.
Jibu: Ndugu zima breka ya hita sasa hivi na usiitumie. Hapo kuna kifaa kinavujisha na huu waya hautibu hilo. Fundi akague hita na ethi yake, na kama huna RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 kwenye sakiti ya bafuni aiweke siku hiyo hiyo.