Jenga kinga ya samaki mapema: beta-glukani kwenye punje za chakula cha sato

Kwa wafugaji wa sato Kanda ya Ziwa: kirusi cha TiLV (kirusi kinachoua sato) kilishagunduliwa kwa samaki wa Ziwa Victoria, na hakina dawa. Kinachowezekana ni kuinua kinga ya samaki mapema. Wiki mbili hivi kabla ya kuhamisha au kuchambua vifaranga, changanya unga wa beta-glukani (aina ya sukari inayotoka kwenye ukuta wa seli za hamira) gramu 1 kwa kila kilo ya chakula. Koroga kwenye maji kidogo, nyunyizia punje, anika kivulini, kisha zipake mafuta ya kula kijiko kimoja au viwili. Mafuta ndiyo siri yenyewe. Bila hayo unga unaishia majini, unalisha bwawa. Mwili wa samaki huichukulia beta-glukani kama dalili ya uvamizi, ukaamsha kinga yake. Usilishe mfululizo miezi na miezi, kinga huchoka. Na samaki wakishaanza kufa na kugoma kula, umechelewa: hailiwi, haifanyi kazi. Hapo simamisha kuhamisha samaki, toa mizoga, mwite ofisa uvuvi. Antibayotiki acha, haziui virusi.