Umeme wa pikipiki: chumvi kwanza, spea baadaye

Pikipiki inayolala Paje, Jambiani au Micheweni hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Taa zikififia au stata ikigoma, aghalabu betri haina kosa: chumvi imekula viungo vya waya. Usinunue kitu kabla hujapima. Mita ya kawaida ya kupimia volti yatosha.

Anza na betri. Iache ipoe saa moja hivi bila kuwashwa, kisha pima volti za DC. Betri ya asidi ya volti 12 ikijaa husoma 12.6 au zaidi, 12.2 iko nusu. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, maana vipimo vingine vyote vitakudanganya. Iliyojaa ikianguka chini ya 9.6 unapobonyeza stata, imechoka.

Fyuzi iliyokatika weka nyingine ya ampea zilezile. Kuunganisha kwa kipande cha waya ni hatari kweli: siku waya ukigusa bodi, utaungua mkanda mzima wa nyaya chini ya tangi. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, tafuta waya uliochubuka, kwanza kwenye shingo ya usukani ambako nyaya hujikunja kila unapokata kona.

Sasa ethi, yaani waya unaounga hasi ya betri na chuma cha pikipiki, na hapa usiwe na haraka. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye chuma kisafi cha injini, nyeusi juu ya nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si juu ya kibanio chake. Bonyeza stata sekunde mbili. Mita isizidi 0.3 hivi. Ikionyesha 0.5 au 1, umeme unapotelea njiani. Fungua bolti ya ethi, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma kimeremete, kaza, ndipo upake grisi juu.

Waya wenyewe pia huoza ndani huku gamba likionekana zima. Uchune mwishoni: shaba ikiwa nyeusi au ina ukungu wa kijani, kata kidogo kidogo kurudi nyuma mpaka uione nyekundu. Lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi. Funika kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa moto; tepu peke yake huachia na kuhifadhi maji ya chumvi.

Kama betri haikai na chaji, washa injini, ongeza resi mpaka kasi ya kati, upime tena volti za betri. Inatakiwa 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC wa injini kuwa DC na kudhibiti volti) imekufa, nayo ndiyo inayounguza balbu zako. Isipopanda kabisa, chomoa soketi ya stata koili (koili inayozalisha umeme ndani ya injini, si stata ya kuwashia) na uitazame: plastiki iliyoyeyuka na kuwa kahawia ni jibu tosha. Kwa soketi zenye nyaya tatu za rangi moja, washa injini upime volti za AC kati ya kila nyaya mbili. Zikaribiane, na waya wowote usiwe na mawasiliano na bodi injini ikiwa imezimwa. Zikiwa sawa, kosa liko kwa rektifaya au waya wa kurudi betri.

Injini haitoi cheche? Kagua swichi nyekundu ya kuzimia injini kabla ya koili ya cheche.

Wanaobeba mwani mbichi wajue maji ya gunia hushuka moja kwa moja kwenye soketi za taa ya nyuma. Suuza kwa maji matamu yasiyo na presha siku ileile, chomoa soketi, zikauke, kisha grisi ya umeme.